Madondoo ya mimea na kinga ya ini dhidi ya madhara ya dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

1. Dawa inaliumizaje ini?

Dawa nyingi tunazomeza hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Huko vimeng'enya huzibadili ili zitoke kwa mkojo au nyongo, na wakati mwingine katika kubadilishwa huko huzaliwa kemikali kali kuliko dawa yenyewe. Mfano unaofahamika zaidi ni parasetamoli. Sehemu yake kubwa huunganishwa na salfa au asidi ya glukuroniki na kutoka salama. Sehemu ndogo hupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na kuwa kemikali kali iitwayo NAPQI. Dozi ikiwa ya kawaida, NAPQI hunaswa na glutathioni, akiba ya kinga iliyomo ndani ya seli za ini. Dozi ikizidi, akiba hiyo inaisha, NAPQI inashikamana na protini za mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na seli zinaanza kufa.

Madhara ya aina hiyo hutegemea dozi na yanatabirika. Kuna aina ya pili ambayo humpata mtu mmoja kati ya wengi waliomeza dozi ileile sahihi, kwa sababu ya urithi wake wa jeni au jinsi kingamwili yake inavyoitikia. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati ni mfano: macho yanaweza kugeuka manjano wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba aliwahi kuimeza. Tofauti ya aina hizi mbili itarudi mara nyingi hapa chini, kwa sababu dondoo linaloweza kusaidia kwenye ya kwanza huenda lisiwe na kazi yoyote kwenye ya pili.

2. "Dondoo" ni nini, na lina tofauti gani na unga au chai ya mmea?

Unga ni mmea wote uliosagwa. Chai ni kile tu ambacho maji ya moto yameweza kukitoa. Dondoo ni matokeo ya kuloweka mmea kwenye kiyeyushi (maji, ethanoli, au mchanganyiko wa vyote viwili), kuchuja, kisha kukausha kiyeyushi hicho ili kibaki kitu kizito au unga mkavu. Lebo ikiandikwa 10:1, maana yake kilo kumi za mmea zimetoa kilo moja ya dondoo.

Tofauti hii si ya maneno tu. Silimarini, kundi la kemikali linalotoka kwenye mbegu za Silybum marianum, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo anayechemsha mbegu hizo na kunywa maji yake anapata kidogo sana cha kile kilichopimwa kwenye tafiti. Ukisoma kwamba mmea fulani "ulilinda ini", jambo la kwanza la kutazama ni sehemu gani ya mmea ilitumika na kiyeyushi kilikuwa kipi.

3. Inasemekana madondoo hulilinda ini. Kwa njia gani?

Njia zinazotajwa ni nne. Dondoo linaweza kudaka kemikali kali kabla hazijaharibu seli. Linaweza kuisukuma seli itengeneze glutathioni zaidi. Linaweza kutuliza uvimbe unaofuata baada ya seli kufa. Au linaweza kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza sumu, kama CYP2E1, hivyo sumu isizaliwe kabisa.

Hii ya mwisho inahitaji uangalifu mkubwa. Kimeng'enya kinachozalisha sumu kutoka dawa moja mara nyingi ndicho, au ni ndugu wa kile, kinachoiondoa dawa nyingine mwilini. Ukikizuia umeokoa hapa na kuharibu pale (tazama swali la 11).

## Mimea inayoulizwa zaidi

4. Silimarini ina uthibitisho gani kwa binadamu?

Ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Dondoo la kawaida huwa na silimarini asilimia 70 hadi 80, na ndani yake silibinini ndiyo yenye nguvu zaidi. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 140 mara tatu kwa siku. Tatizo lake kubwa ni kufyonzwa: inaingia kwenye damu kidogo na inatoka haraka. Ndiyo maana watengenezaji wengine huifunga pamoja na fosfatidilikolini, aina ya mafuta, ili ipite vizuri kwenye ukuta wa utumbo.

Kwenye panya na kwenye seli za maabara matokeo yanavutia. Kwa binadamu yanafifia. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C waliopewa dozi kubwa, miligramu 420 au 700 mara tatu kwa siku kwa wiki 24, huku wengine wakipewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo cha ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, hakikushuka zaidi kwa waliopata silimarini. Ugonjwa ule si madhara ya dawa, lakini funzo lake linatuhusu: dozi kubwa ya kitu chenye sifa nzuri maabara haikutosha kubadili kipimo cha ini la mtu.

Kwa upande wa usalama rekodi yake ni nzuri. Kinacholalamikiwa zaidi ni choo kulainika. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti asiitumie.

5. Mbona basi silibinini hutumika hospitalini kwa waliokula uyoga wenye sumu?

Kwa sababu ile ni hali nyingine kabisa. Sumu ya uyoga Amanita phalloides huingia kwenye seli za ini kupitia mlango maalumu kwenye utando wa seli, na silibinini huuziba mlango huo. Tena hutolewa kwa mshipa, kwa dozi ya takriban miligramu 20 hadi 50 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kiasi ambacho vidonge haviwezi kukifikisha kwenye damu. Dawa nyingi zinazoumiza ini hazipitii mlango huo.

6. Ninatumia dawa za kifua kikuu. Nimeze dondoo ili ini lisiumie?

Swali hili tunaulizwa kuliko mengine yote, na tunaelewa hofu iliyo nyuma yake. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, na wengi wanaoumia huumia ndani ya miezi miwili ya kwanza. Majaribio ya silimarini kwa wagonjwa hawa yamegongana: mengine yalionyesha nafuu, mengine hayakuonyesha tofauti na kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo haimo kwenye matibabu ya kawaida, na hatushauri uianze kwa siri.

Kinachookoa ini hapa ni kugundua mapema. Ukikosa hamu ya kula, ukapata kichefuchefu kisichoisha, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au macho ya manjano, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kusimamisha dawa ALT ikifika mara tatu ya kikomo cha kawaida kwa mwenye dalili, au mara tano kwa asiye na dalili. Baada ya vipimo kushuka, dawa hurudishwa moja moja kwa kupishana siku kadhaa, kwa kawaida rifampisini ikitangulia, ili ijulikane ipi ilikuwa na kosa. Ukiwa unameza na dondoo wakati huo, hesabu yote inavurugika: ALT ikipanda tena hakuna atakayejua mkosaji ni dawa au ni mmea.

Usizipunguze wala kuziacha mwenyewe kwa kudhani dondoo litafidia. Kifua kikuu kinachotibiwa nusunusu hurudi kikiwa sugu.

7. Nilipewa vitamini B6 pamoja na isoniazidi. Si ndiyo kinga ya ini?

Hapana. B6 hukinga mishipa ya fahamu, ile ganzi na kuchomachoma kwa miguu na mikono. Ini haliguswi na kinga hiyo. Endelea nayo, ila usiihesabu kama ulinzi wa ini.

8. Na mlonge, au Phyllanthus?

Dondoo la majani ya mlonge limepunguza kupanda kwa ALT na AST (kimeng'enya kingine cha aina hiyo) kwa panya waliopewa parasetamoli nyingi, na kwa panya waliopewa dawa za kifua kikuu. Ushahidi wake umesimama kwa panya, na sababu za kutouchukulia kama ushahidi wa binadamu ziko kwenye swali la 14. Mlonge kama mboga ni jambo jingine, ni chakula kizuri.

Phyllanthus amarus ilivuma sana baada ya utafiti wa mwaka 1988 uliodai inaondoa virusi vya homa ya ini aina ya B. Tafiti zilizofuata hazikuyapata matokeo yale. Tunaitaja kwa sababu sifa ya "dawa ya ini" iliyopata wakati ule bado inatembea, na watu huihamishia kwenye madhara ya dawa ambayo ni ugonjwa tofauti.

9. Manjano je? Kila mtu anaisifu.

Huenda jina limechangia: macho ya manjano, dawa manjano. Rangi kufanana hakuna maana yoyote kwenye ini.

Manjano ya kupikia haina shida. Shida iko kwenye vidonge vya kurkumini vilivyoongezwa piperini ya pilipili manga. Kurkumini peke yake hufyonzwa kidogo mno, na piperini huongeza ufyonzwaji huo mara nyingi. Tangu vidonge hivyo vienee, wameripotiwa watu ambao ini lao liliumia kwa kurkumini yenyewe, wengi wao wakiwa na aina ya jeni iitwayo HLA-B*35:01. Jeni hiyohiyo imeonekana kwa walioumizwa na dondoo la chai ya kijani. Mtu ananunua kinga, anapata ugonjwa aliotaka kuukwepa.

10. Lakini mmea ni kitu cha asili. Unawezaje kuliumiza ini?

Kwa njia ileile ya parasetamoli. Teucrium chamaedrys iliuzwa Ufaransa kama dawa ya kupunguza unene hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1992 kwa sababu ya homa ya ini. Kemikali zake hubadilishwa na kimeng'enya CYP3A4 kuwa kitu kikali kinachomaliza glutathioni ya seli. Ini halina mlango wa dawa za kiwandani na mlango wa miti shamba. Vyote hupita mlango mmoja.

Mingine ya kujihadhari nayo: Symphytum, Senecio na baadhi ya spishi za Crotalaria, ambazo alkaloidi zake huziba mishipa midogo ndani ya ini; kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki; mshubiri unaomezwa kwa muda mrefu; na dondoo la chai ya kijani. Kuhusu hili la mwisho, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake iitwayo EGCG, kutoka kwenye virutubisho, huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kikombe cha chai hakifikishi hapo, vidonge hufikisha.

Nchini Marekani, katika daftari la kitaifa la madhara ya dawa kwenye ini, sehemu inayosababishwa na miti shamba na virutubisho iliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 2004 hadi 20 ndani ya miaka kumi hivi.

## Kutumia pamoja na dawa nyingine

11. Dondoo linaweza kuharibu kazi ya dawa zangu?

Ndiyo, kwa pande mbili. Linaweza kuishusha dawa hadi isifanye kazi: vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha sakwinaviri, dawa ya VVU, kwenye damu kwa takriban nusu, na Hypericum perforatum hushusha dawa nyingi zikiwemo za kuzuia mimba na za waliopandikizwa viungo. Au linaweza kuipandisha hadi iwe sumu. Silimarini huzuia kwa kiasi CYP2C9, kimeng'enya kinachoondoa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo anayemeza warfarini apimwe damu mapema akianza au akiacha dondoo hilo.

Mzizi wa Glycyrrhiza glabra, ambao nao husifiwa kwa ini, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Kwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo au digoksini, dawa ya moyo, hiyo ni hatari ya moyo.

12. ALT yangu imepanda kidogo. Niongeze dondoo?

Acha kwanza kila kisicho cha lazima, pamoja na dondoo lenyewe. Kisha peleka kwa daktari orodha ya vyote ulivyomeza ndani ya miezi mitatu hadi sita iliyopita: vidonge, sindano, chai, unga, na tarehe ya kuanza kila kimoja. Orodha hiyo ina thamani kuliko kipimo chochote cha ziada, kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachotaja dawa iliyokosea. Utambuzi hutegemea mpangilio wa tarehe.

Kupanda kidogo bila dalili mara nyingi hutulia kwenyewe hata dawa ikiendelea, maana ini hujizoesha. Hapa ndipo madondoo mengi hupata sifa isiyo yao: mtu anaanza dondoo, ALT inashuka kama ambavyo ingeshuka, na dondoo linashukuriwa.

Kinachotisha ni ALT kufika mara tatu ya kikomo au zaidi huku bilirubini, rangi ya manjano inayotolewa na ini kwa nyongo, ikipita mara mbili, bila njia ya nyongo kuziba. Daktari Hyman Zimmerman aliona kwamba takriban mmoja kati ya kumi wa wagonjwa wa namna hiyo hufariki. Hali hiyo haingoji wiki ijayo.

## Parasetamoli iliyozidi

13. Mtu amemeza parasetamoli nyingi. Dondoo gani limsaidie haraka?

Hakuna. Mpeleke hospitali sasa hivi hata kama hajisikii vibaya. Saa 24 za kwanza mara nyingi hupita kwa kichefuchefu tu, kisha ini linaonyesha hali yake siku ya pili na ya tatu. Kiuasumu ni N-asetilisisteini, ambayo mwili huitumia kutengeneza glutathioni mpya, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Hata aliyechelewa apewe. Chukua pakiti za dawa, na jitahidi kukumbuka saa aliyomeza, kwa kuwa kipimo cha damu husomwa kuanzia saa ya nne tangu ameze. Aliyemeza kwa makusudi anahitaji matibabu hayohayo, na mtu wa kukaa naye bila kumlaumu.

Wengi huzidisha bila kujua. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, na parasetamoli imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Soma lebo zote kabla ya kuchanganya.

## Kwa wanafunzi na watafiti

14. Kwa nini karibu kila mmea unaonekana kulilinda ini la panya?

Kwanza, muda. Panya hupewa dondoo siku 7 hadi 14 kabla ya sumu. Mgonjwa huja baada ya sumu. Jaribio lenye maana huanza kutoa dondoo baada ya parasetamoli.

Pili, CYP2E1. Dondoo likizuia kimeng'enya hiki, NAPQI haizaliwi, na ini linaonekana "limelindwa" wakati halikushambuliwa. Pima glutathioni ya ini ndani ya nusu saa hadi saa mbili tangu parasetamoli itolewe: kama haikushuka kwa kundi la dondoo, umepima uzuiaji wa kimeng'enya.

Tatu, kiyeyushi. DMSO, kiyeyushi kinachotumika maabara, yenyewe huzuia CYP2E1 na hulinda ini la panya dhidi ya parasetamoli. Kundi linganishi lisipopewa DMSO kwa kiasi kilekile, matokeo yote hayana thamani. Kosa hili limechapishwa mara nyingi.

Nne, mnyama. Panya wakubwa (spishi iitwayo rat kwa Kiingereza) hustahimili parasetamoli. Panya wadogo (mouse) waliofungishwa usiku mmoja hufanana zaidi na binadamu. Na tetrakloridi ya kaboni, inayotumika sana kwenye majaribio haya, si dawa kabisa.

15. Dozi ya panya inabadilishwaje kuwa ya binadamu?

Haizidishwi moja kwa moja kwa uzito. Kwa panya wakubwa gawanya kwa 6.2, kwa wadogo gawanya kwa 12.3. Miligramu 200 kwa kilo kwa panya mkubwa ni takriban 32 kwa kilo kwa mtu, yaani gramu 1.9 za dondoo kavu kwa mtu wa kilo 60. Kama mavuno ya dondoo ni asilimia 10, hizo ni kama gramu 19 za majani makavu kila siku. Fanya hesabu hii kabla ya kuandika kwamba mmea "una matumaini".

16. Naandaa dondoo la majaribio. Nini huharibika?

Kausha kivulini kwenye hewa inayopita, chini ya nyuzi 40 za Selsiasi. Saga, loweka kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa uwiano wa gramu 1 kwa mililita 10, saa 48 hadi 72 huku ukitikisa, chuja, kisha vukiza kwa shinikizo pungufu kwenye nyuzi 40 hadi 45. Mbegu zenye mafuta kama za Silybum ziondolewe mafuta kwanza, la sivyo utapata tope linalonata.

Kosa baya kuliko yote ni ukungu. Malighafi iliyokaushwa nusu huota ukungu, na aflatoksini ni sumu ya ini. Utakuwa unapima sumu ndani ya kinga. La pili ni kutumia methanoli na kuacha mabaki yake. La tatu ni kutohifadhi sampuli ya mmea kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), ili utambulisho wake uweze kuhakikiwa baadaye.

## Hali za pekee

17. Nina mimba, au nataka kumpa mtoto.

Usitumie madondoo haya. Kwa watoto wachanga tahadhari ni kubwa zaidi: mafuta ya mwarobaini waliyonyweshwa yamesababisha ugonjwa mkali wa ini na ubongo.

18. Nina homa ya ini aina ya B na natakiwa kuanza dawa za kupunguza kinga ya mwili.

Hatari yako kubwa inaweza kuwa virusi kuamka, na hakuna dondoo linalovizuia. Kuna vidonge vya kuzuia virusi vinavyoanzwa kabla ya tiba hiyo. Uliza kuvihusu kabla ya dozi ya kwanza.

19. Ini langu tayari lina makovu. Dondoo si ndiyo ninalihitaji zaidi?

Ini lenye makovu huondoa kemikali polepole, kwa hiyo dozi iliyo ndogo kwa mwingine hukaa mwilini mwako kwa muda mrefu zaidi. Tena akiba yako ya seli ni ndogo: jeraha ambalo ini zima lingelistahimili linaweza kukufikisha kwenye tumbo kujaa maji au kuchanganyikiwa. Parasetamoli kwa dozi iliyopunguzwa, mara nyingi isiyozidi gramu 2 kwa siku, ni salama kwako kuliko diklofenaki au ibuprofeni, ambazo huhatarisha figo na kutokwa damu. Kwa dondoo lolote, hata silimarini, mwonyeshe daktari wako chupa yenyewe: jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, uwiano wa dondoo na namba ya toleo. Chupa isiyo na hayo manne irudishe.